Meno ya Mbwa wa Kazi Hayatunzwi kwa Chupa Peke Yake

Baadhi ya wasomaji wetu walio katika vikosi vya mbwa wametuuliza swali moja kwa namna mbalimbali, nasi twaona limestahili kujibiwa hadharani. Je, zile dawa zinazouzwa katika chupa, ambazo hutiwa ndani ya maji ya kunywa ya mbwa ili zimsafishe meno na kumwondolea harufu mbaya ya kinywa, zafaa kitu? Na kama zafaa, je, mwongozaji aweza kuuweka mswaki chini na kuiachia chupa kazi hiyo?

Jibu letu kwa swali la kwanza ni kwamba zafaa kidogo. Kwa swali la pili, hapana. Lakini jibu fupi namna hii halimsaidii askari anayesimama alfajiri mbele ya banda, bakuli mkono wa kulia na chupa mkono wa kushoto. Kwa hiyo hatuna budi kueleza sababu zetu kwa urefu, na tunaomba tuvumiliwe na wale wanaodhani kwamba kinywa cha mbwa ni jambo dogo mno kuandikiwa gazetini.

Si jambo dogo. Katika wilaya nyingi za Uganda, nyumba ikivunjwa usiku au mtu akiuawa, wanakijiji huzuiwa wasikanyage mahali pale mpaka mbwa wa polisi afike. Watu husimama mbali, wakingoja saa nzima na pengine zaidi, kwa sababu wanaamini kwamba mnyama huyo ataona kwa pua yake kile ambacho wao hawakukiona kwa macho. Katika uwanja wa ndege wa Entebbe mbwa hunusa masanduku ili kutafuta pembe za ndovu. Kule Mogadishu, ambako majeshi yetu yaliingia mwaka 2007 chini ya Umoja wa Afrika, mbwa wametumika kunusa mabomu yaliyofichwa katika magari na mizigo. Uhai wa askari wengi umetegemea mnyama ambaye hawezi kusema, “Afande, leo jino linaniuma.”

Wengine watasema kwamba kazi ya mbwa wa kunusa ni pua, meno yana nini? Tunawaomba wafikiri namna mbwa huyo alivyofundishwa. Hakupewa mshahara. Alipewa mpira. Kila alipopata harufu aliyotakiwa kuipata, mwongozaji alimtupia mpira wake, naye akaudaka, akautafuna, akavutana na bwana wake kwa furaha. Mpira ule ndio posho yake, ndio pensheni yake. Sasa jino likioza au likipasuka, kuuma mpira kunamletea maumivu, na malipo yanageuka kuwa adhabu. Hapana mbwa atakayeendelea kutafuta kwa bidii kitu ambacho mwisho wake ni kuumizwa. Ataanza kuzembea, na mwongozaji atamlaumu kwamba amezeeka au amekuwa mkaidi.

Kwa mbwa wa kukamata wahalifu habari ni nzito zaidi. Huyo hushika kwa chonge zake nne, mbili juu na mbili chini. Akiwa na chonge iliyovunjika ambayo mshipa wake wa ndani uko wazi, atauma, atasikia uchungu, atalegeza. Mtu anayekimbia na panga mkononi hajui kwamba mbwa anaumwa jino. Anachojua ni kwamba ameachiwa. Na anayemkuta mbele yake baada ya kuachiwa ni askari mwenye kamba ya mbwa mkononi.

Maneno haya hatukuyaokota njiani. Tulipata kuzuru kambi moja yenye mabanda ya mbwa, ambayo hatutaitaja kwa kuwa hatukwenda kuwaaibisha waliotukaribisha. Mabanda yalikuwa yamefagiwa vizuri, mbwa wamechanwa manyoya, na juu ya rafu palikuwa na chupa ya dawa ya maji, mpya, yenye picha ya mbwa anayecheka. Inspekta aliyetutembeza alisimama mbele ya mbwa mmoja mkubwa wa rangi ya kahawia na nyeusi, akaona uvimbe chini ya jicho lake la kushoto.

“Huyu ana nini, Koplo?”

“Afande, alichomwa na mti vichakani tulipokuwa tukifuata nyayo. Tunamsafisha jicho kila siku.”

“Na kinywa?”

“Kinywa ni safi, afande. Tangu tulipoanza kutia dawa katika maji, hanuki hata kidogo.”

Koplo yule hakusema uongo. Tuliinama, tukanusa, kweli mbwa hakunuka, ila kulikuwa na harufu ya mnanaa. Lakini daktari wa mifugo aliyekuwa amekuja siku ile kwa chanjo aliuinua mdomo wa juu wa mbwa kwa kidole gumba, akatuonyesha. Jino lile kubwa la nyuma upande wa kushoto lilikuwa limepasuka ubavu mzima, na kando yake fizi imevimba, nyekundu kama nyama mbichi. Ule uvimbe chini ya jicho haukutoka kwenye mti. Ulikuwa ni usaha uliotoka katika mizizi ya jino, ukapanda juu kutafuta njia. Mbwa alikuwa amefanya kazi katika hali hiyo kwa majuma ambayo hakuna aliyeyahesabu, na muda wote huo jicho lake likioshwa kwa uaminifu mkubwa.

Yafaa kila mwongozaji akumbuke jambo hili moja, hata kama atasahau mengine yote tutakayoandika hapa. Mbwa mwenye uvimbe chini ya jicho, kwanza atazamwe jino kubwa la juu la upande ule ule.

Sasa tueleze kinywa chenyewe. Mbwa aliyekomaa ana meno 42, yaani 20 juu na 22 chini. Alipokuwa mtoto alikuwa na 28. Binadamu mzima ana 32, kwa hiyo mbwa anatushinda kwa meno kumi ya kutunza na hana mikono ya kuyatunzia. Baada ya kula, na hata asipokula, utando laini wa vijidudu hujijenga juu ya meno yake kwa muda wa saa chache tu. Utando huo ndio tunaouita ukoga. Ukoga ungali laini, huondoka kwa kusuguliwa. Lakini usiposuguliwa, madini yaliyo katika mate huanza kuugandisha, na kwa siku mbili tatu huwa umeanza kuwa ugaga, kitu kigumu cha rangi ya manjano au kahawia ambacho hakitoki kwa mswaki wala kwa dawa ya kutia majini. Mate ya mbwa ni makali upande wa magadi kuliko yetu, na ndiyo sababu meno yake hayatobolewi sana na wadudu kama ya watoto wetu wapendao peremende, bali hujengwa ugaga upesi. Ugaga huo hutoa nafasi kwa vijidudu vingine kushuka chini ya fizi. Huko ndiko vita halisi hupiganwa, mahali pasipoonekana: fizi huachana na jino, mfupa unaolishika jino huliwa polepole, na mwisho jino hulegea.

Madaktari wa mifugo duniani wanakubaliana kwamba maradhi haya ya fizi ndiyo yanayoonekana zaidi kuliko maradhi mengine kwa mbwa wazima, na kwamba mbwa wengi huwa wamekwisha kuonyesha dalili zake za kwanza wafikapo umri wa miaka mitatu. Mbwa wa kikosi mwenye miaka mitatu ndiyo kwanza ametoka mafunzoni! Serikali imemlisha, imemfundisha, imemlipia mwalimu wake, na wakati anapoanza kuirudishia nchi gharama zake, meno yameanza kumwacha.

Je, dawa ya maji hufanya nini katika vita hivi? Tukisoma vibandiko vya chupa mbalimbali twaona kwamba hazifanani. Nyingine zina dawa ya kuua vijidudu, kama klorheksidini. Nyingine zina madini ya zinki, ambayo hushika zile hewa za salfa zitoazo uvundo na kuzizuia zisinuke. Nyingine zina vimeng'enya. Nyingine zina vitu vinavyojaribu kuyazuia madini ya mate yasigande juu ya ukoga. Si uganga wala ulaghai. Ni elimu ya kweli, na katika majaribio yaliyofanywa kwa uangalifu baadhi yake zimeonekana kupunguza ukoga au ugaga mpya. Kule Marekani liko baraza la wataalamu, Veterinary Oral Health Council, lililoanza kazi mwaka 1997, ambalo huchunguza matokeo ya majaribio yanayoletwa na watengenezaji na kutoa muhuri kwa bidhaa zilizotimiza masharti. Anayenunua kwa fedha za umma angefanya vema kutafuta kwanza muhuri huo. Lakini asome vizuri: muhuri hutolewa kwa kupunguza ukoga au kwa kupunguza ugaga. Hautolewi kwa sababu ya harufu nzuri, wala hausemi kwamba bidhaa huponya fizi iliyokwisha kuoza.

Kisha mtazameni mbwa anavyokunywa. Hukunja ulimi wake kuelekea nyuma, chini ya kidevu, huvuta maji juu kwa kasi, hufunga kinywa, humeza. Maji hupita katikati na kushuka kooni. Hayasukutui. Upande wa nje wa yale magego ya juu, nyuma karibu na shavu, hupata maji machache kuliko mahali pengine, na kwa bahati mbaya hapo ndipo ugaga hupenda kujijenga zaidi, kwa kuwa mfereji mmoja mkubwa wa mate hufunguka hapo. Dawa inapita mlangoni, adui yuko ghalani. Ikiwa dawa hiyo husaidia hata kidogo, ni kwa sababu mbwa hunywa mara nyingi kwa siku. Si kwa sababu mara moja ina nguvu.

Hatari kubwa tunayoiona sisi ni nyingine, nayo ndiyo iliyompata koplo wetu. Harufu mbaya ya kinywa ni mlinzi. Ndiyo inayopiga kelele usiku kwamba kuna kitu kinaoza. Anayetia dawa ya mnanaa katika bakuli kabla ya kukitazama kinywa amemziba mlinzi mdomo na kumwacha mwizi ndani. Wala si jino peke yake linalopiga kelele kwa njia hiyo. Mbwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi aweza kutoa pumzi yenye harufu kama ya mkojo, na mwenye ugonjwa wa kisukari uliozidi aweza kunuka utamu usio wa kawaida, kama matunda yaliyoiva mno. Mwongozaji anayeijua pumzi ya mbwa wake, kama anavyoujua mlio wa bunduki yake, ana chombo cha uchunguzi ambacho hakinunuliwi. Kwa nini aharakishe kukiharibu?

Tuje kwenye maji yenyewe. Mbwa wa kilo 30 aliyepumzika huhitaji yapata lita moja na nusu hadi karibu mbili za maji kwa siku, na akifanya kazi juani huhitaji zaidi sana. Hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu yake kwa kuhema, na kuhema humaliza maji. Dawa nyingine ni chungu au zina harufu ambayo pua yetu yaiona nzuri na pua ya mbwa yaiona kero. Mbwa akilisusa bakuli mchana mmoja wa jua kali, hasara yake ni kubwa kuliko faida ya mwaka mzima ya meno meupe. Twasema kwa msisitizo: mbwa anayetoka kazini, mbwa aliye safarini, mbwa aliye katika nchi ya joto kama Karamoja au pwani ya Somalia, apewe maji matupu. Dawa, ikiwa ipo, itiwe katika bakuli la pili bandani, na maji matupu yawe kando yake siku zote. Maji yenye dawa yamwagwe na kubadilishwa kila siku, na bakuli lisuguliwe, kwa maana tumeona mabakuli yenye utelezi wa kijani ambayo ndani yake dawa ya bei kubwa ilikuwa imetiwa. Bakuli chafu lenye dawa ni kichekesho. Na kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa, kwa kifuniko cha chupa yenyewe. Si kwa kizibo cha soda, wala kwa jicho la mzoefu.

Kuna onyo ambalo tungependa libandikwe ukutani katika kila banda. Iko sukari ya bandia iitwayo zailitoli, ambayo kwenye vibandiko huandikwa kwa herufi X mwanzoni. Kwetu sisi binadamu haina madhara, ndiyo maana imo katika baadhi ya dawa za meno, maji ya kusukutulia na ubani wa kutafuna. Kwa mbwa ni sumu. Humfanya atoe homoni ya insulini kwa wingi, sukari ya damu ikaporomoka. Kiasi cha gramu moja ya kumi kwa kila kilo ya mwili chatosha kuleta madhara hayo, yaani gramu tatu tu kwa mbwa wa kilo 30; na kiasi kikizidi hapo mara tano, ini laweza kufa. Dalili huweza kuonekana kabla ya saa moja kupita, nazo ni kutapika, kulegea, kuyumba kama mlevi, kisha degedege. Pengine huchelewa saa kadhaa, na hapo watu hudhani hatari imepita. Jambo la kustaajabisha ni kwamba hata baadhi ya dawa za maji zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama zimewahi kuwa na zailitoli kwa kiasi kidogo. Watengenezaji husema kiasi hicho kikichanganywa sawasawa hakidhuru. Huenda. Lakini katika kambi, ambako leo anatia dawa koplo na kesho anatia kuruta aliyeambiwa maneno mawili tu kabla ya zamu, na ambako mbwa mchanga aweza kuiangusha chupa na kuitafuna yote, sisi hatuioni sababu ya kuileta sumu hiyo ndani ya uzio. Chupa yenye zailitoli isinunuliwe.

Kwa sababu hiyo hiyo asitokee mtu akamimina katika bakuli maji yake mwenyewe ya kusukutulia, ambayo pengine yana pombe, wala asimsugue mbwa kwa dawa ya meno ya watu. Mbwa hajui kutema. Kila kitu kimwingiacho kinywani hukimeza. Na tukiwa hapo, yule paka wa ghala ambaye kila kambi inaye, ingawa hayumo katika orodha ya kikosi, naye hunywa katika bakuli lile lile akiona hakuna anayemtazama. Mafuta ya miti yaliyomo katika baadhi ya dawa za kienyeji na za dukani, ambayo mbwa huyastahimili kiasi, kwa paka huweza kuwa hatari. Bakuli lenye dawa lisiachwe nje ya banda.

Basi ni kipi kifanyike? Hakuna aliyegundua kitu kinachoushinda mswaki. Neno hilo ni la zamani kwetu, toka enzi za kijiti cha mti kilichotafunwa ncha, na bado wapo askari wazee wanaokwenda gwaride la asubuhi nacho mfukoni. Kwa mbwa hutumiwa mswaki laini, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni. Huhitaji kumfungua taya kwa nguvu. Inua mdomo wake wa juu pembeni, sugua upande wa nje wa meno, hasa pale jino linapokutana na fizi, na ushikilie zaidi chonge na yale magego makubwa ya nyuma. Upande wa ndani ulimi wake humsaidia. Dawa ya meno ya mbwa ikiwapo, vema. Isipokuwapo, maji matupu yatosha, kwa kuwa kinachoondoa ukoga ni msuguo. Kazi nzima haizidi dakika mbili. Ifanywe kila siku, au ikishindikana kabisa siku moja ipite. Kusugua mara moja kwa juma ni kumfariji mwongozaji tu, kwa maana tumekwisha kusema kwamba siku mbili tatu zatosha ukoga kuanza kugeuka jiwe.

Wapo watakaotuambia, nyinyi wa magazeti hamjawahi kumshika mdomo mbwa mkali wa kukamata wezi. Ni kweli, na hatuna hamu. Lakini mbwa huyo humruhusu mtu mmoja duniani amvishe mkanda, amkague miguu, amtoe miiba. Mtu huyo ndiye atakayemfundisha kuvumilia mswaki. Aanze akiwa mtoto, kwa kidole kilichochovywa katika mchuzi wa nyama, sekunde chache leo, chache kesho. Na mbwa akihamishiwa kwa mwongozaji mwingine, jambo hilo lihamishwe pamoja naye kwa maandishi. Tumesikia mara nyingi ya mbwa aliyekuwa akisuguliwa vizuri hadi koplo wake alipopelekwa wilaya nyingine, na mrithi hakuambiwa neno.

Twawageukia pia maofisa wanaotia sahihi. Chupa inapendwa maofisini kwa sababu inanunuliwa, ina risiti, inaonekana juu ya rafu siku ya ukaguzi. Dakika mbili za koplo hazina risiti. Lakini kama ofisa atauliza siku ya ukaguzi, “Niinulie mdomo wa mbwa huyu,” badala ya kutazama rafu, mambo yatabadilika ndani ya mwezi mmoja. Katika daftari la kila mbwa pamoja na chanjo na uzito, pawe na ukurasa wa meno: lipi limevunjika, lini lilionekana, lini daktari alilitazama. Mbwa achunguzwe kinywa na daktari wa mifugo walau mara moja kwa mwaka. Ugaga ukiwa umekwisha kujengeka, uondolewe na daktari, mbwa akiwa amelazwa nusukaputi, kwa kuwa hakuna mnyama mwenye akili atakayelala macho wazi akikwanguliwa chini ya fizi. Wale wanaojitolea kukwangua meno ya mbwa aliye macho huyang'arisha kwa nje, na ugonjwa huachwa pale ulipo. Baada ya daktari kumaliza, hapo ndipo dawa ya maji, kama fedha zipo, yaweza kuingia kama msaidizi wa mswaki.

Vilevile yatazamwe yale yanayovunja meno. Mifupa mikavu, mawe ya uani, bakuli la chuma ambalo mbwa hulibeba na kulitafuna kwa uchovu wa kukaa bure, na zaidi ya yote nyavu za waya za banda. Mbwa anayetafuna waya kila siku husagika chonge zake kwa upande wa nyuma, na chonge iliyosagika hivyo huvunjika siku ya kazi, si siku ya mapumziko. Dawa yake haimo katika chupa yo yote. Dawa yake ni kumtoa nje, kumfanyisha mazoezi, na kumpa kitu cha mpira cha kutafuna.

Hatuwaombi wananchi wa vikosi vyetu wazitupe chupa walizo nazo. Aliye na chupa iliyo salama, na mbwa asiyeyasusa maji, na aitumie. Twaomba tu kwamba kwanza aweke kidole gumba chini ya mdomo wa mbwa, auinue, atazame.

Yule mbwa wa koplo aling'olewa jino juma lililofuata. Daktari alimwonyesha mwongozaji vipande vyake juu ya kitambaa, mizizi mitatu, mmoja umeliwa hadi nusu. Uvimbe chini ya jicho ulikauka baada ya siku chache, na siku ya kumi na tano mbwa alirudishiwa mpira wake. Tuliambiwa kwamba aliutafuna mpaka ukapasuka, na kwamba koplo aliomba mwingine ghalani akaambiwa ajaze fomu.